Maswali ya wasomaji: Mlango, nondo na waya wa umeme

Ndugu Mhariri, nimepanga vyumba viwili na sebule hapa Tabata, mlango wa kuingilia ni wangu peke yangu. Jirani yangu kavunjiwa mchana akiwa kazini. Pesa yangu ni kidogo. Ninunue kamera au nibadilishe kitasa? – Mpangaji, Dar es Salaam

Kamera iache kwanza, pesa yote ipeleke mlangoni. Mwizi wa mchana anapima mambo matatu: ndani kuna mtu au hakuna, nani atamwona, na mlango utamchukua dakika ngapi. Kamera itamrekodi tu. Mlango mgumu unamchelewesha na kumlazimisha apige kelele, na kelele za mchana Tabata zina wenyewe.

Anza na silinda, kile kipande cha kitasa kinachoingia ufunguo. Wapangaji waliokutangulia huenda bado wana funguo zake, kwa hiyo ibadilishe hata kama inafanya kazi vizuri. Mweleze mwenye nyumba kabla ya kuanza, mkubaliane kama utaiacha au utaondoka nayo. Kabla ya kwenda dukani chukua vipimo: kutoka katikati ya tundu la skrubu inayoishika silinda hadi uso wa nje wa bamba la kitasa, kisha hadi uso wa ndani. Silinda isichomoze nje zaidi ya milimita 3. Ikichomoza sana, mwizi anaibana kwa koleo, anaisukuma kushoto na kulia, na inakatika pale katikati palipotobolewa kwa ajili ya skrubu. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja na haitoi kelele nyingi.

Baada ya hapo kagua bamba dogo lililo kwenye fremu, lile ambamo ulimi wa kitasa unaingia. Mara nyingi hufungwa kwa skrubu fupi zisizofika hata inchi moja. Mlango ukipigwa teke, kitasa hubaki kizima na mbao ya fremu ndiyo inayopasuka. Weka bamba refu zaidi, utoboe fremu mpaka ndani ya ukuta, weka plagi za ukutani za kushikia skrubu, ufunge kwa skrubu za inchi 3 au 4. Fanya hivyohivyo kwenye bawaba, na mlango wa nje uwe na bawaba tatu. Kama mlango wenyewe ni wa plaiwudi wenye uwazi katikati, hapo skrubu hazitasaidia. Zungumza na mwenye nyumba auhamishie chumbani, mlango wa nje uwe wa mbao ngumu.

Na kama mnatumia kufuli, lisining'inie nje mchana kutwa. Linamtangazia kila mpita njia kwamba wenye nyumba hawapo. Kwenye geti la chuma, fundi akate kitundu cha kupitisha mkono na achomelee kiboksi cha bati nene kwa ndani, kufuli likae humo. Hapo mkasi wa kukatia vyuma haupati pa kubana.

Salaam. Sisi tuko Kigamboni. Wezi wametumia jeki ya gari kutanua nondo za dirisha, wakapita katikati. Fundi anasema tuweke nondo nene zaidi. Ni kweli ndiyo dawa? – Mama wa watoto watatu

Pole sana, mama. Unene unasaidia, ila jeki inashinda kwa sababu nyingine. Inahitaji nondo mbili ndefu zilizosimama sambamba bila kitu cha kuzifunga katikati. Nondo ya mm 12 iliyoachwa huru kwa sentimita 120 inapinda kirahisi. Ukipitisha flati bar (vyuma bapa) mbili za kulala, urefu ulio huru unabaki sentimita 40. Nguvu ya kuipinda inapanda kama mara tatu, na hata ikipinda, uwazi hautoshi kupitisha mtu. Kwa hiyo mwambie fundi hivi: nondo za mm 12, nafasi ya sentimita 10 kati ya moja na nyingine, na flati bar kila sentimita 30 hadi 40.

Namna ya kuunganisha ina uzito kuliko vipimo vyote hivyo. Flati bar itobolewe, nondo ipite ndani ya tundu, kisha ichomelewe kuizunguka. Fundi mwenye haraka huilaza nondo juu ya flati bar na kuigusisha moto nukta moja, akapiga rangi juu, na dirisha likapendeza kwa macho. Nyundo moja inatosha kuing'oa. Kagua kabla rangi haijapakwa: gonga kila kiungo kwa nyundo, na uangalie kama chuma kimeyeyuka pande zote mbili au kimeganda juu tu kama tone.

Kisha ukutani. Grili iliyofungwa kwa skrubu upande wa nje inafunguliwa kwa bisibisi. Miguu ya grili iingie ukutani sentimita 10 hadi 15, ncha zake zipasuliwe na kupanuliwa ili zisivutike, zijazwe mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Mwagia maji kwa siku saba, na asiivute mtu yeyote kuijaribu kabla ya hapo. Tofali zenyewe zikiwa dhaifu, zile zinazomong'onyoka ukizikwaruza kwa msumari, miguu iwe mirefu na mingi zaidi.

Sasa tunakuomba jambo moja, kwa sababu una watoto. Usizibe madirisha yote moja kwa moja. Katika upande wa vyumba vya kulala, grili ya dirisha moja iwe na mlango wake wa bawaba, wa kama sentimita 50 kwa 60, unaofungwa kwa kufuli kwa ndani. Moto ukiwaka usiku kwenye nyumba yenye nondo kila dirisha na geti la mlango lililofungwa, wenye nyumba ndio wanaokwama. Ufunguo uning'inie mahali pamoja siku zote, mbali na dirisha kiasi kwamba fimbo kutoka nje haiufikii, lakini chini kiasi kwamba mtoto mkubwa anaufikia. Zimeni taa usiku mmoja, watoto walifungue gizani kwa kupapasa. Kufuli hilo litiwe grafaiti, ule unga mweusi wa kulainisha kufuli, na lifunguliwe kila mwezi, kwa sababu Kigamboni chumvi ya bahari inagandisha kufuli lisilotumika.

Na wale wa kuvua simu na suruali dirishani kwa fimbo, wanazuiwa kwa wavu wa chuma uliochomelewa kwa nje ya nondo. Wavu wa mbu wanauchana kwa wembe. Simu isichajiwe chini ya dirisha.

Taa ya sensa niliyofunga inawaka ovyo usiku kucha, na mtu akija moja kwa moja getini haiwaki. Ni mbovu? – Msomaji, Mwanza

Huenda ni nzima, imekaa vibaya. Sensa hiyo inahisi joto linalokatiza mbele yake, hivyo mtu anayeijia uso kwa uso anachelewa kuonekana. Ihamishie ubavuni mwa njia ili anayekuja akatize, kwenye urefu wa mita 2 hadi 2.5. Isielekee matawi ya mti, bomba la moshi wa jiko wala mashine ya nje ya kiyoyozi. Usiku wa joto kali itaona karibu kuliko kawaida, kwa sababu joto la mwili na la hewa vinakaribiana. Kwa hiyo kama uwanja ni mrefu, tumia mbili.

Nimezeeka na nina ukuta mrefu hapa Njiro. Kijana mmoja ameniambia anaweza kuunganisha waya juu ya ukuta na umeme wa nyumbani, bei nafuu. Nikubali? – Mstaafu, Arusha

Shikamoo, mzee wetu. Usikubali hata kidogo. Umeme wa volti 230 ukipelekwa moja kwa moja kwenye waya unaua: mwizi, mtoto aliyefuata mpira, fundi wa antena, au wewe mwenyewe ukikata matawi baada ya mvua. Na kifo kikitokea, kesi ni yako.

Fensi halali ya umeme ina mashine yake maalumu. Inatoa mapigo mafupi, moja kila sekunde au zaidi kidogo. Volti ni maelfu kadhaa lakini nishati ya kila pigo imewekewa kikomo, ndiyo maana inamrudisha mtu nyuma kwa maumivu bila kumgandisha. Mashine iwe na betri ya volti 12 ili umeme ukikatika iendelee, pamoja na king'ora kinacholia waya ukikatwa au ukigusishwa chini. Mabango ya hatari yawekwe kila mita 10 hivi, pande zote mbili.

Fensi nyingi hufa kimyakimya, na sababu huwa zilezile. Matawi na majani mabichi yanagusa waya na kuvuta nguvu ardhini. Vishikizi vya plastiki vinapasuka kwa jua. Fundi anachimbia fimbo moja fupi ya ethi, ile ya chuma inayopeleka umeme ardhini, nayo kiangazi udongo ukikauka haifanyi kazi. Dai fimbo tatu, kila moja mita 1.2 au zaidi, zilizoachana, mahali penye unyevu. Mwambie fundi akuachie kipima volti cha fensi na akuandikie kipimo cha siku ya kukabidhi. Pima kila wiki upande wa mbali na mashine. Kipimo kikishuka, tembea usiku kando ya ukuta ukisikiliza: panapovuja patasikika "ta, ta, ta" na cheche utaziona.