Msomaji Auliza: Baa Gani ya Kubeba Kwenye Mkoba?

SWALI: Shikamoo dada. Kazi yangu ni ya kuzunguka, asubuhi natoka sijala na mchana unanikuta njiani, kwa hiyo nimezoea kubeba zile baa za granola na za protini kwenye mkoba. Shida ni kwamba nikila moja saa nne, ikifika saa tano na nusu nina njaa kuliko mwanzo na kichwa kinagonga. Na kila pakiti imeandikwa ya asili, ya afya, ya nguvu, sasa mtu anachaguaje? (Msomaji wa safarini)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, manake hiyo njaa ya kurudi haraka naielewa kabisa. Baa nyingi zimejaa sukari na nyuzinyuzi hamna, protini yenyewe ya kuhesabu, sasa ukila tumbo tupu ile sukari inapanda upesi na kushuka upesi, halafu tumboni hakuna kitu cha kukaa, lazima njaa irudi. Kuhusu kichwa, hebu angalia na maji unayokunywa, watu wa safari wengi wanajinyima maji kwa kuogopa kutafuta choo.

Haya, ukiwa dukani geuza pakiti. Mbele ni matangazo matupu, nyuma ndo kuna habari. Anza na orodha ya viambato, manake vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, kwa hiyo vile vitatu vya mwanzo ndo baa yenyewe. Ukikuta oti, lozi, karanga, mbegu, endelea kusoma. Ukikuta sirapu iko namba mbili, irudishe.

Ila kuna mchezo hapo na mimi unanikera sana. Kiwanda kinaweza kuweka sukari ya aina nne, kila moja kidogo kidogo, ili isionekane juu ya orodha. Nina pakiti moja hapa mbele yangu, ya kwanza ni oti, vizuri, halafu sirapu ya glukozi, mafuta ya mawese, sukari, zabibu kavu, asali, na kule mwisho dondoo la juisi ya tufaha. Hesabu mwenyewe: sirapu, sukari, asali, dondoo la juisi, zote ni sukari ya kuongezwa, ukizijumlisha huenda zinazipita hizo oti. Na jedwali lake linasema sukari gramu 6, unasema ah si mbaya, kumbe hiyo ni kwa kipande kimoja na ndani ya pakiti kuna vipande viwili, na hakuna mtu anayekula kimoja akafunga. Ni gramu 12 hizo, yaani vijiko vya chai vitatu, manake kijiko kimoja ni kama gramu 4.

Sasa weka hiyo pembeni ya kipimo cha siku nzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyo kwenye asali, sirapu na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, ni bora zaidi. Kwa hiyo ile baa ya saa nne imeshakula nusu ya hizo 25 na chai bado hujanywa.

Mimi kwa baa ya gramu 40 nataka sukari isizidi 8, nyuzinyuzi zianzie 3, protini 5 kwenda juu. Si sheria ya mtu, ni vipimo vyangu vya haraka nikiwa nimesimama dukani. Zile za tende na karanga tupu sukari inaweza kupita 15, nazipendelea kuliko za sirapu kwa sababu zina nyuzinyuzi zake, ila usizile mbilimbili kisa ni matunda. Za protini gramu 20 zinamfaa aliyetoka kufanya mazoezi mazito au aliyekosa mlo kabisa, wewe wa kukaa kwenye gari huhitaji kila siku. Halafu ukiona inulini au mzizi wa chikori kwenye orodha, yaani nyuzinyuzi za kuongezwa kiwandani, ijaribu kwanza siku uko nyumbani, kuna watu inawajaza gesi vibaya mno na safarini utateseka.

Na kama hiyo baa ndo imekuwa chai ya asubuhi yako kila siku, hapo tatizo si baa tena. Kipande cha kalori 150 hakiwezi kukubeba mpaka mchana hata kiwe kizuri namna gani. Ongeza tunda, ongeza yai la kuchemsha, karanga kiganja kimoja, ndo utaona tofauti.

SWALI: Mume wangu ana kisukari, nimemnunulia baa zilizoandikwa hazina sukari. Nimefanya vizuri? (Mke mwenye wasiwasi)

JIBU: Nia yako ni njema dada, ila soma tena nyuma. Nyingi zinatiwa maltitoli au sorbitoli, yaani vitamu vya kuweka badala ya sukari, na maltitoli bado inapandisha sukari ya damu, japo si kama sukari ya kawaida, na zikizidi tumbo linaharisha. Angalia wanga wote, usiangalie mstari wa sukari peke yake, na muonyeshe mtaalamu wake wa lishe hiyo pakiti.

La muhimu zaidi, na hili tafadhali mwambie leo: kama anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari, ikimshuka chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma kwa milimoli, au 70 kwa zinazosoma kwa miligramu, baa siyo ya kukimbilia. Mafuta na protini vinachelewesha sukari kuingia kwenye damu na yeye hana muda wa kusubiri. Apewe gramu 15 za sukari ya haraka, glukozi au juisi au soda ya kawaida ile yenye sukari, mpime tena baada ya dakika 15, bado iko chini rudia. Ikishapanda ndo baa inafaa, ya kumshikilia mpaka mlo. Akiwa amezimia au hawezi kumeza usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

SWALI: Naweza kumpa mtoto wa miaka mitatu hizi baa? (Mama Kijacho)

JIBU: Zenye karanga nzima au lozi nzima hapana, zinaweza kumkaba, subiri avuke miaka mitano. Laini zisizo na vipande vigumu sawa, mara mojamoja, akiwa amekaa na wewe unamuona. Na kama ni za kubeba shuleni uliza kwanza, huenda darasani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga na kwake hata chembe ni hatari.