Kompyuta ya safari kwenye pikapu ya dizeli
Je, kompyuta ya safari, yaani kifaa kinachoonyesha mafuta yanayotumika njiani, inaweza kufungwa kwenye Hilux ya dizeli? Yenye injini ya 2KD, ndiyo: nozeli zake huendeshwa na kompyuta ya injini, kwa hiyo kifaa huchomekwa kwenye soketi ya OBD (ya kusomea data ya injini) chini ya usukani. Yenye injini ya 3L, hapana, pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika na haina data ya kusoma. Fundi akikuambia itawezekana tu, mkatalie. Nimefunga kadhaa hapa Kisumu, na wengi hukwama kwenye kuchagua aina ya mafuta katika kifaa. Weka dizeli! Ukikiacha kwenye petroli, kifaa hukadiria mafuta kwa hewa inayoingia, na injini ya dizeli huvuta hewa nyingi hata ikiwa bila mzigo, hivyo hesabu huzidi. Kisha jaza tangi pomoni Nakuru, ujaze tena ukifika Kisumu, urekebishe hesabu ya kifaa kwa lita za pampu ya kituo. Jaribu kabla ya kulipa, maana si gari zote hutoa data kamili.