Kurasa 140 za Injini

Juzi saa sita kasoro usiku kijana mmoja wa Kahama kaniandikia WhatsApp. "Shikamoo dada. Nina riwaya ya anga za juu, nimefika kurasa 140, vita mwanzo mwisho. Nimewapa watu kumi, hakuna aliyevuka ukurasa wa 20. Nakosea wapi?" Faili kaliambatanisha hapohapo, hakusubiri hata marahaba.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza injini. Wa pili injini. Wa tatu chombo cha adui kinalipuka kwa kishindo kinachosikika hadi sayari ya jirani, na huko hakuna hewa ya kubeba hata kikohozi. Nikacheka peke yangu kitandani, kisha kicheko kikanikatika. Ile riwaya naijua. Niliiandika mimi, mwaka 2016.

Yangu ilikuwa na kurasa 212. Nilikuwa nafundisha fizikia, naandika kwa kompyuta ya ofisi ya walimu baada ya vipindi. Nyuma ya karatasi ya mtihani wa kidato cha tatu nilipiga hesabu: ukijenga chombo chenye umbo la pete, kutoka kitovuni hadi ukingoni mita 224, ukakizungusha mara mbili kwa dakika, mtu aliye ukingoni atasimama kwa uzito uleule alio nao sokoni Tanga. Pigeni wenyewe muone. Niliipenda hesabu hiyo hadi nikaiweka kitabuni mara nne. Shujaa wangu aliitwa Kapteni Drako, na kazi yake ilikuwa kutoa amri na kushinda.

Nikachapa, nikabana kwa springi, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa mchapishaji mmoja ambaye jina lake halitusaidii. Mhariri hakufungua. Alitazama jalada, nilikuwa nimechora Zohali na pete zake kwa penseli za rangi za wanafunzi, akausukuma mswada kwa kidole kimoja ukarudi upande wangu wa meza. "Mwanangu, Waswahili hatuendi angani. Andika mapenzi." Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Nililia hadi Chalinze.

Jibu la kumpa lilinijia tumeshafika Segera. Ningemwambia kwamba tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale karibu na Malindi, ikapandisha setilaiti ya Wamarekani iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake siku hiyo. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza anga kwa eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1, linalomeza hata mwanga. Eti hatuendi angani! Roketi zilikuja kupandia kwetu.

Lakini nikiri. Angeufungua ule mswada angenirudishia vilevile, na angekuwa na haki.

Miaka iliyofuata naiacha, haina utamu: ndoa, talaka, kusahihisha madaftari. Mambo yalianza msibani, 2019, tulipomzika Ami, ndugu wa baba. Alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Pemba, akipata shehena anafika Mombasa. Sisi watoto tulipolala kwake, kabla hajakomea mlango alituhesabu. Anasimama na taa ya chemli, anatunyooshea kidole mmoja mmoja pale mkekani, na mmoja akijigeuza tu anaanza upya. Tulikuwa tunajigeuza makusudi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini anahesabu.

Siku ile, baharia wake wa zamani, mzee wa kushikwa mkono, akasimulia kwa sauti ya chini. Mwaka mmoja wa kusi kali mtu alidondoka baharini. Ami alikuwa na abiria 17 na maji yamefika magotini ngamani, kule chini tumboni mwa chombo. Hakugeuza chombo. "Angegeuza tungezama wote," yule mzee akasema. Akanywa kahawa. "Lakini alikuwa anaita."

Usiku huohuo nikamfuta Kapteni Drako, akazaliwa Nahodha Mwanaidi. Chombo chake kinavuja hewa karibu na sayari ya Mshtarii, ndiyo Jupita. Watu tisa wako ngamani, upande wa pili wa mlango. Akiufunga, waliobaki 22 watapona. Anaomba ruhusa duniani, na hapa ndipo fizikia yangu ilipopata kazi ya maana kwa mara ya kwanza: ujumbe wa redio kutoka Mshtarii hadi duniani huchukua dakika 40 na ushee kwa wastani, na jibu vivyo hivyo. Karibu saa moja na nusu kwenda na kurudi. Yeye ana hewa ya dakika 30. Anajua ruhusa haitawahi, lakini anaiomba ili iandikwe kwamba aliomba. Anafunga. Baadaye jibu linaingia, neno moja: "Usifunge."

Vitabu vyangu vinne vyote vimetoka kwenye neno hilo. Nauza mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu kwa sehemu, shilingi 2,000 kitabu kizima. Siku niliyokatisha pale kwenye "Usifunge" simu ilipata moto. "Dada arosto!" "Dada leta hata nusu sehemu!" Mama mmoja wa Muscat alinipigia kabisa, akaniambia hajalala. Naringa kidogo, nimeruhusiwa.

Sasa wewe wa Kahama, na wengine, maana najua nusu ya wanaonisoma wana mswada umelala kwenye simu. Mtu kwanza. Huyu mtu awe na jambo alilolitenda, si alilotendewa tu. Stephen R. Donaldson wa Marekani ana mfululizo wa vitabu vitano wa aina hii, cha mwisho kilitoka 1996, na una giza kwelikweli, kuna kurasa nilizisoma mchana tu. Alianza na watu watatu, mdhalimu, mdhulumiwa na mwokozi, kisha akampa kila mmoja kiti cha mwenzake. Hana haja ya kukueleza kila parafujo. Unakaa naye kwa sababu hujui tena umchukie nani.

Na lugha ya chombo tunayo, msiiombe kwa jirani. Omo ya mbele, tezi ya nyuma, ngama, serahangi anayesimamia mabaharia. Niliposema watu tisa wamefungiwa ngamani, wasomaji wa Pemba hawakuuliza ngamani ni wapi. Walinuna.

Halafu jamani, giza si damu. Tunaua watu 300 kwenye sura moja tukidhani tumeandika kitu kizito, na msomaji anapita huku anakula muhogo. Mnaua ovyo. Mnasamehe ovyo pia: mhusika ametenda unyama sura ya pili, sura ya tano kalia machozi, yameisha. Hayaishi! Mwache aishi nalo, azeeke nalo, awahesabu watoto wa watu nalo. Mtu kwanza, nasema tena. Ninyi vijana mnataka vita kwa sababu vita ni rahisi kuandika, na kukaa na mtu mmoja chumbani akiwa amekosea ni kazi ngumu, hamuitaki, mnakimbilia injini, kisha mnalalamika hamsomwi.

Nimepandisha sauti. Na sina haki sana, kwa sababu kuna kitu sijakisema.

Binti yake Ami alikuwa kwenye grupu la kwanza kabisa. Alilipa 2,000 yake kama wengine, nikakataa, akanirushia tena. Katika kitabu cha pili Mwanaidi ameshazeeka, na kuna sehemu anawahesabu wajukuu kwa taa kabla ya kufunga mlango. Niliituma usiku, nikalala nimefurahi. Alfajiri nikakuta ule mstari mdogo wa kijivu: ametoka kwenye kundi. Hakuandika neno. Sikukuu ya Idi nikampelekea sahani ya vileja. Kwetu sahani hairudi tupu, hata chumvi utaiwekea. Ile ilirudi imeoshwa vizuri, imefutwa, haina kitu.

Mwanaidi aliomba ruhusa akijua haitawahi. Mimi wa kumuomba anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwangu, na ningejibiwa palepale mlangoni. Labda ndiyo maana sikwenda.

Kwa hiyo kijana wangu, marahaba. Faili lako nimelisoma lote, kurasa 140, wewe ndiye mwandishi wa kwanza kunifanyia hivyo na nisilale. Ukurasa wa 88 kuna fundi anazima redio ili asisikie waliobaki nje, mistari miwili tu, kisha ukarudi kwenye vita. Futa kurasa 87 za mwanzo. Nianzie hapo kwenye redio, uniambie alikuwa anamjua nani huko nje.