Kufuli moja tu linatosha kuigandisha kerneli

spin_lock() moja, yaani kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka papo hapo bila kulala, inaweza kuikwamisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux. Si lazima yawe makufuli mawili yaliyoshikwa kinyumenyume. Uzi wa kawaida (thread) umeshika kufuli huku interapti, yaani ishara za kifaa zinazoikatiza prosesa kazi yake, ziko wazi. Interapti inaingia kwenye prosesa ileile, na kishughulikiaji chake (msimbo unaoihudumia) kinalitaka kufuli lilelile. Kinazunguka kikisubiri liachiwe, ila uzi uliolishika hauwezi kuendelea mpaka chenyewe kimalize. Hapo hakuna anayetoka.

Upande wa uzi tumia spin_lock_irqsave() na spin_unlock_irqrestore(), ambazo hufunga interapti kwenye prosesa hiyo kufuli likiwa limeshikwa, tena kila mahali kufuli hilo linaposhikwa. Ukisahau sehemu moja, kosa limebaki palepale. Kama anayeingilia kati ni softirq tu (kazi ambayo interapti huiahirisha ifanywe baadaye kidogo), spin_lock_bh() inatosha.

Ili kuhakikisha, jenga kerneli ikiwa na chaguo la CONFIG_PROVE_LOCKING. Lockdep, kikaguzi cha makufuli cha kerneli, itaandika "inconsistent lock state" kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) hata kabla mkwamo haujatokea, mradi njia zote mbili zimepitiwa angalau mara moja. Usiiache kerneli hiyo kwenye mashine inayohudumia watu, maana inapunguza kasi sana.