Kinachofanya onyesho la roki likumbukwe

Ndugu, umeuliza ni kitu gani hasa hulifanya onyesho la roki likumbukwe, na waliotangulia kujibu wametaja taa, moshi na fataki. Kwangu jambo la kwanza ni kuishika hadhira, na mfano wangu ni Queen, bendi ya roki ya Uingereza, katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, kwenye Live Aid, tamasha la kuchangisha fedha za kuwasaidia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Walipewa takriban dakika 20 tu, tena jua likiwa halijazama, kwa hiyo taa zisingewasaidia sana. Lakini walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, wakachagua nyimbo zinazojulikana na baadhi wakazifupisha, ili watu wasipate nafasi ya kuchoka. Mwimbaji wao Freddie Mercury (mzaliwa wa Unguja, tusisahau), akiwa na kipande cha stendi ya maikrofoni mkononi, alirusha sauti isiyo na maneno na umati wa watu wapatao 72,000 ukamjibu, kisha akaipandisha na kuizungusha, nao wakamfuata. Wapenzi wa metali, yaani roki nzito, watasema gitaa lazima lingurume, na sipingi, ila fundi mitambo wa sauti asipolidhibiti, gitaa hilo humeza sauti ya mwimbaji, na hapo hadhira hukosa cha kuitikia.