Riwaya mpya za mauaji na upelelezi ambazo hazifi ukishamjua muuaji

Watu wakishajua kwamba unasoma sana riwaya za upelelezi swali linakuwa moja tu, nianze na kipi, na mimi siku hizi huwa najibu kwa kuuliza: ukishamjua muuaji, bado utatamani kukisoma tena? Hapo ndo pa kuchujia. Vitabu vya mauaji vinatoka vingi mno, makava yanafanana, kila kimoja kinakuahidi mwisho wa kushangaza, na vingi kati ya hivyo vimejengwa kwa ajili ya kurasa chache za mwisho tu, yaani hizo nyingine zote ni za kukusubirisha. Ukishashtuka umeshashtuka, kazi yake imeisha, baada ya muda hata jina la marehemu hulikumbuki. Sisemi msivisome, ila kama muda wako ni wa kubana na hela ya vitabu ni ya kubana basi tafuta ile aina nyingine.

Na wala hili si jambo geni kwetu. Sisi tuliomsoma mpelelezi Bwana Msa na kiko chake tunajua, Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla kilitoka 1960 na watu bado wanakirudia, na hawakirudii ili wakumbushwe nani kaua. Wanarudia yale maongezi, wanarudia namna Bwana Msa anavyomwacha msaidizi wake Najum apapase gizani wakati yeye keshaona.

Sasa ukitaka mfano wa siku hizi wa ninachosema chukua Lightseekers cha Femi Kayode wa Nigeria, kilitoka 2021. Wanafunzi watatu wa chuo wameuawa na kundi la watu, mchana kweupe, na video ya mauaji imesambaa mtandaoni. Kwa hiyo nani kaua sio swali kabisa, kila mtu kaona. Baba wa mmoja wa wale vijana ndo anamtafuta Philip Taiwo, mwanasaikolojia aliyerudi nyumbani baada ya kuishi Marekani, amwambie kwanini. Hilo kwanini ndo kitabu kizima, na nakuambia linakaza kuliko nani. Taiwo hana bunduki wala cheo cha polisi, anakwenda kwenye mji ambao hakuna anayetaka kumwona, anauliza, anadanganywa, anauliza tena, na we msomaji unaanza kuona jinsi watu wa kawaida kabisa wanavyoweza kugeuka kundi la kuua. Mwandishi mwenyewe amesomea saikolojia na inaonekana, hakuna mtu humo ndani aliyewekwa kujaza nafasi. Kuna cha pili chake, Gaslight cha 2023, Taiwo yuleyule, ila anza na hiki.

Kingine ambacho nimekuwa nikikisukuma kwa kila mtu ni The Appeal cha Janice Hallett, 2021. Hiki hakina msimulizi. Unapewa faili tu, barua pepe, meseji, vipeperushi, na wanasheria wawili vijana nao wamepewa faili hilohilo na bosi wao wasome bila kuambiwa kitu. Kuna kikundi cha maigizo cha mtaani, kuna mtoto mdogo mgonjwa ambaye watu wanamchangia pesa za dawa kutoka nje, na kuna mtu atakufa. Basi. Utamu wake uko kwenye vitu vidogo. Kuna nesi mmoja anaitwa Issy anaandikia watu barua ndefu zenye upendo mwingi mno, mara nimekuchagulia hiki mara tukae wote pale, halafu ukiangalia anavyojibiwa na wenzake unakuta ni mstari mmoja wa baridi, au hajibiwi kabisa, na hakuna mtu yeyote anayekuambia kwamba huyu dada ni mpweke, unaliona mwenyewe ukiwa unahesabu nani kamjibu nani. Hapo ndo nilijua huyu mwandishi anajua kazi. Ukirudia mara ya pili barua zilezile zinasomeka tofauti kabisa, sentensi uliyoipita kama salamu unakuta ilikuwa inakuambia kitu kizito. Ushauri wangu, hiki usikichukue kile cha kusikiliza kwa masikio, kichukue cha kusoma kwa macho, maana utataka kurudi nyuma kuangalia nani alimwandikia nani saa ngapi, na kaa na karatasi uandike majina, watu ni wengi. Akikunogea, anacho pia The Twyford Code cha 2022 na vingine, ila hiki cha kwanza kwangu bado ndo kikubwa kuliko vyote.

Kama we ni mtu wa hadithi za ulimwengu wa kubuni na hujawahi kuona upelelezi unakuhusu, The Tainted Cup cha Robert Jackson Bennett, 2024, kitakubadilisha mawazo. Kinaanza na maiti ya afisa mmoja ndani ya nyumba ya tajiri, na kilichomuua ni mti. Mti umeota ndani ya mwili wake ukampasua ukapanda hadi darini. Anayetumwa kukagua ni kijana anaitwa Din, ambaye amebadilishwa mwili ili asisahau chochote anachokiona wala kukisikia, na bosi wake Ana ni mama mwenye akili kali sana ambaye hufunga macho kwa kitambaa kwa sababu dunia inamjaa mno kichwani. Kwa hiyo Din anakwenda kuona, anarudi kumsimulia kila kitu, Ana anafikiri. Kinachonifurahisha ni kwamba pamoja na mazimwi ya baharini na maukuta makubwa, dalili zote unapewa mezani. Hakuna uchawi unaoshushwa mwishoni kumaliza kesi. Kilichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora 2025 na kimestahili, na mwaka huohuo kikaja cha pili, A Drop of Corruption.

Hili la kupewa dalili zote lina historia ndefu, padri mmoja Mwingereza anaitwa Ronald Knox ambaye naye alikuwa akiandika riwaya hizi aliweka sheria 10 mwaka 1929, mojawapo kwamba mpelelezi asifiche dalili aliyoipata, na nyingine kwamba mpelelezi mwenyewe asiwe ndo muuaji. Benjamin Stevenson wa Australia amezichukua sheria zile akazijengea kitabu, Everyone in My Family Has Killed Someone cha 2022, msimulizi anakuapia toka mwanzo kwamba hatakudanganya na anakutajia kabisa kurasa ambazo watu watakufa. Unajua kifo kinakuja ukurasa fulani na bado kinakupita. Chepesi, kinachekesha, kizuri kwa safari.

Sasa kuhusu namna ya kusoma. Usisome maelezo ya nyuma ya kava. Mara nyingi yanakumwagia mambo ambayo mwandishi aliyapanga uyakute baada ya kurasa 100. Rivyu nazo soma ukishamaliza, sio kabla, na ndo utazifurahia zaidi kwa sababu una la kubishana nazo. Vitabu vya mfululizo anza na cha kwanza, hata kama wauzaji wanasema kila kimoja kinajitegemea. Mfano Tana French, The Hunter cha 2024 ni kizuri mno, polisi mstaafu wa Chicago kahamia kijiji cha Ireland, joto kali, baba mmoja aliyetoroka familia yake anarudi na hadithi ya dhahabu, lakini ukikianza hicho umeshajichomea The Searcher cha 2020 maana majibu yake yote yamo. Na vile vya Richard Osman vya wazee wanne wapelelezi, The Thursday Murder Club cha 2020 na wenzake, ndo usiruke kabisa, kwa sababu kesi zinabadilika lakini mume wa Elizabeth, mmoja wa wazee hao, anaendelea kupoteza kumbukumbu kitabu hadi kitabu, na hiyo ndo hadithi inayobaki moyoni. Filamu ilitoka Netflix 2025, soma kwanza.

Na kuacha kitabu ni ruhusa. Mimi kipimo changu ni ukurasa wa 50, kama kufikia pale hakuna hata mtu mmoja ndani ambaye nataka kujua kesho yake itakuwaje, nakifunga. Kumtaka muuaji tu hakutoshi. Liz Moore kwenye The God of the Woods, 2024, alinishika mapema sana kwa hili: binti wa miaka 13 anapotea kambini milimani New York, Agosti 1975, familia yake ndo yenye kambi, na kaka yake naye alipotea hukohuko 1961 na hakuonekana tena. Kinasogea polepole, tena sana, kinarukaruka miaka, lakini mama wa wale watoto ameandikwa kiasi kwamba kila akiingia chumbani unabana pumzi. Mwenye haraka atakichukia. Kipe muda.

Halafu jamani, msisome mauaji tu mfululizo, yanakomaza roho. Katikati huwa naweka kitu kingine. James cha Percival Everett, 2024, kilichopata tuzo ya Pulitzer ya 2025, kinamchukua Jim yule mtumwa wa kwenye Huckleberry Finn, riwaya ya zamani ya Mark Twain, na kumpa yeye nafasi ya kusimulia, na kuna sehemu mapema anakaa na watoto kuwafundisha namna ya kuongea kwa kubabaika mbele ya wazungu, wasionekane wana akili, anawasahihisha mmojammoja wakikosea, yaani somo zima la kujificha. Sijatoka kwenye ile sehemu hadi leo.

Na Theft cha Abdulrazak Gurnah, 2025, riwaya yake ya kwanza tangu apate Nobel 2021. Sio ya upelelezi ila ina tuhuma katikati, kijana Badar, mtumishi wa nyumba, anasingiziwa wizi, na Gurnah hakimbilii kukuambia nani kaiba nini kwa nani, anakuacha na Karim na Fauzia na Badar uwaone wanavyokua, nani anapewa na nani ananyimwa. Kama Kiingereza kirefu kinakuchosha anza na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, ukishaizoea sauti yake ndo uende kwenye Theft.