Mwacheni na kimeo chake

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Mafinga. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne, anakohoa wiki ya tatu sasa, usiku zaidi, mpaka anatapika. Mama mkwe alimfunua mdomo akasema kimeo kimerefuka, kinalalia ulimi, na kuna mzee anayekata. Mtoto wa wifi yangu alikatwa mwaka jana, haikupita wiki kikohozi kikaisha. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali.

Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo hapa Mbeya. Kipupwe kikiingia tu, swali hili linanifuata kutoka Makete, Tukuyu, hata Uyole hapa jirani, na kila mara ndani yake yumo huyo mtoto wa wifi. Nianze naye basi.

Kikohozi cha mafua kwa mtoto mdogo huchukua wiki mbili, pengine hata tatu, hata usipofanya lolote. Na hakuna anayekwenda kwa mkata vimeo siku ya kwanza. Watu huenda wakishachoka kukesha, wakati kikohozi chenyewe kimeshaanza kufunga mizigo. Kikiisha, sifa anabeba mzee. Angemkata kucha kingeisha vilevile.

Na huko “kurefuka”: mtoto aliyeshikwa kichwa, analia, ulimi umekandamizwa kwa kijiko, kimeo chake kitaning'inia tu, kwani kitaenda wapi? Akiwa na mafua, koo huvimba na chenyewe huvimba, kisha hunywea akipona. Ukikigusa utamtia kichefuchefu. Kikohozi huanzia chini zaidi, kwenye njia ya hewa na mirija ya mapafu, na hupitia neva nyingine. Anatapika kwa sababu akikohoa kwa nguvu tumbo linabanwa, na tumbo lililojaa maziwa halina subira.

Kinachonikera zaidi ni kudhani kwamba kimeo ni kinyama kilichosahaulika pale. Hebu bana pua useme “mama”. Umesikia? Imetoka kama “baba”. Sasa, pua ikiwa bado imebanwa, sema “baba”: haibadiliki. Sauti ya m hupita puani, ya b haipiti, na mlango unaofungua na kufunga njia hiyo ni kaakaa laini, ambalo kimeo ni ncha yake. Unapomeza, mlango huohuo hujifunga ili uji usipande puani. Ukicheka ukiwa na chai mdomoni, unajua inatokea wapi.

Sikatai, wengi waliokatwa ncha tu wanaongea vizuri. Lakini kisu kilichopinda, ndani ya mdomo wa mtoto anayefurukuta, hakijui ncha inaishia wapi. Nimewaona waliokatwa hadi kaakaa. Wanaongea kwa king'ong'o, “baba” inatoka “mama”, maji wakinywa yanarudi puani, na kurekebisha kovu la hapo ni kazi ngumu. Hao ndio waliobahatika, waliopona kuvuja damu, usaha na pepopunda. Tena kisu hicho kimoja kinapita vinywa vingapi kwa siku?

Mtoto wako aonwe wiki hii. Kikohozi kikifika wiki mbili lazima tufikirie kifua kikuu, kwa hiyo mwambie mhudumu kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa. Kilianza ghafla akiwa anakula karanga au mahindi? Sema pia, maana punje inaweza kukaa ndani ya mrija wa pafu. Na jiko la mkaa, mnaliingiza chumbani usiku? Kwa baridi ya Mafinga najua jibu. Litoeni. Akiwa amelala, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 40, au chini ya mbavu panabonyea akivuta hewa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Nisemeje tena? Mikono inayokata vimeo ndiyo hiyohiyo inayochimbua “meno ya plastiki” kwa mtoto mwenye homa au anayeharisha. Hakuna meno ya plastiki. Hivyo ni vichonge vya utotoni ambavyo havijatoboa fizi, na akichokolewa hapo hata jino la kudumu linaweza kuharibika. Mtoto akichelewa kusema, anakatwa chini ya ulimi, wakati hakuna aliyepima masikio yake. Mtoto asiyesikia hatasema hata ukimkata mara kumi.

Na kama unasoma haya na wako ameshakatwa, usisubiri kuona damu mdomoni. Mtoto mdogo hatemi, anameza. Ukimwona amelala huku koo linamezameza bila kitu mdomoni, au amepauka, au ametapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa, msiulizane ni saa ngapi. Tafuteni usafiri.